Siku ya Kuchagua Daki

Urbanus Kitonga alistaafu mwezi wa tatu. Kwa miaka ishirini na saba alikuwa amefanya kazi katika kiwanda cha saruji huko Athi River, upande wa vinu vya kusaga, akilala siku za kazi kwenye chumba cha kupanga na kurudi kwake Muthetheni mwisho wa wiki. Wenzake walimfanyia sherehe ndogo, wakampa blanketi mbili na saa ya ukutani. Alipofika nyumbani aliziweka blanketi kabatini, akapigilia msumari, akatundika saa. Kisha akakaa kwenye kochi akangoja asikie kitu moyoni. Hakusikia kitu.

Alijiambia ni uchovu tu, utapita. Wiki zikapita, uchovu ukapita pia, na bado hakusikia kitu. Aliamka, akakamua ng'ombe, akapeleka maziwa barabarani, akapalilia. Mahindi yalimea vizuri mwaka huo. Aliyatazama kama anayetazama shamba la mtu mwingine.

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo alikuwa ameliweka akiba kwa miaka yote hiyo, nalo ni muziki. Tangu ujana wake wa kanda na redio za betri, Kitonga alikuwa akisema kwamba siku atakapomaliza kazi atajitengenezea sebule ya kusikilizia muziki kama watu wenye nafasi. Kwa hiyo alinunua amplifaya kuukuu na spika mbili kubwa za mbao kutoka kwa mtu wa Kyumbi aliyekuwa akifunga baa yake. Binti yao Kanini, ambaye ni nesi Nairobi, alimletea laptopu aliyoacha kuitumia, akaijaza benga, rumba na nyimbo za kwaya.

Kitonga aliunganisha kila kitu mwenyewe, akachomeka waya kwenye tundu la laptopu la visikizi, akakaa. Sauti ikatoka imezibwa, kama mtu anayeimba ndani ya gunia. Akazungusha kifundo cha sauti nyembamba mpaka mwisho. Akaongeza nguvu. Akasogeza spika huku na huku, akanunua waya mpya, akafuta vumbi ndani ya amplifaya kwa brashi ya rangi. Gunia likabaki pale pale.

Kila alipowasha, Kaluki mkewe alitoka nje. Alienda jikoni, au kwenye kuku, au akakaa tu chini ya ukingo wa paa akichambua mboga. Kitonga alimwona dirishani akadhani haupendi huo muziki. Hakumuuliza. Walikuwa hawaulizani mambo mengi. Si kwamba walikuwa wamegombana, maana hata jirani asingeweza kutaja siku waliyogombana. Nyumba ilikuwa imenyamaza pole pole, mwaka baada ya mwaka, mpaka wakazoea.

Mwezi wa saba alimpigia simu Rodgers, fundi wa redio na televisheni mwenye kibanda Machakos mjini, nyuma ya soko. Rodgers alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mzee, shida inaweza kuwa hiyo laptopu," alisema. "Muziki ndani ya laptopu si sauti. Ni namba tu. Lazima kitu kigeuze hizo namba zikuwe sauti kabla ya kufika kwa amplifaya. Laptopu iko na kigeuzi chake ndani, lakini ni cha bei ya chini sana, na kimebanwa na vitu vingine. Watu hununua kigeuzi cha nje. Tunaita daki. Kuja Alhamisi, niko na tatu hapa, utasikiliza mwenyewe."

"Bei?"

"Ziko za kila mfuko. Kuja tu."

Alhamisi hiyo Kaluki naye alikuwa na safari ya mjini kununua chakula cha vifaranga. Waliondoka pamoja asubuhi, wakafika Machakos wakati maduka yanafunguliwa, wakanunua chakula cha kuku kwanza, kisha Kitonga akabeba gunia begani mpaka kwa Rodgers. Kibanda kilikuwa chembamba, chenye televisheni zilizofunguliwa migongo na harufu ya risasi ya kuchomelea. Rodgers, mtu wa miaka arobaini hivi mwenye miwani, alimletea Kaluki kiti.

"Wi museo, mwaitu?" alimjulia hali kwa Kikamba. "Kaa hapa, mama. Hata wewe utasikiliza."

"Mimi nangojea tu," Kaluki alisema.

Rodgers alipanga daki tatu juu ya meza. Ya kwanza ilikuwa ndogo kama kiberiti, ya plastiki, shilingi elfu moja na mia tano. Ya pili ilikuwa ya chuma, ukubwa wa kipande cha sabuni, elfu sita. Ya tatu ilikuwa imetumika, imeletwa kutoka ng'ambo, nzito kama Biblia ya kanisani, elfu kumi na nane. Zote alikuwa amezifunga kwenye amplifaya moja na jozi moja ya spika, akawa na swichi ya kuhama kutoka moja hadi nyingine.

"Kwanza nitalinganisha nguvu," alieleza, akishika simu iliyokuwa ikipima ukubwa wa sauti. "Masikio hudanganyika. Ile inapiga juu kidogo ndio mtu huona ni nzuri. Hapo ndio wauzaji hukupata. Zikiwa sawa, sasa unachagua kwa haki."

Kitonga alilipenda jambo hilo. Lilikuwa jambo la kiwandani, kupima kabla ya kusema. Akavuta stuli akakaa katikati ya spika, mikono magotini.

Rodgers akaweka wimbo wa kwaya moja ya kule kwao, wanawake kama ishirini na wanaume wawili, ngoma moja na kayamba mbili. Akaanza na daki ya kwanza. Baada ya dakika moja akahamia ya pili, kisha ya tatu. Kitonga alisikiliza kwa makini sana. Ngoma ilikuwepo. Wanaume wawili walioimba sauti ya chini walikuwepo. Wanawake walisikika mbali, ndani ya gunia lile lile.

"Umesikia aje, mzee?"

"Rudia."

Rodgers akarudia.

"Naona ni moja tu," Kitonga alisema. "Zote tatu."

Rodgers hakucheka. Alisogeza miwani. "Ya pili na ya tatu, hata mimi hunisumbua kuzitofautisha. Lakini ya kwanza, hapana. Sikiliza kayamba, usisikilize kitu kingine. Kwa ya kwanza inatoka kama mchanga unamwagwa. Kwa ya pili unasikia mbegu zikipiga moja moja."

Akacheza tena. Kaluki, kule kwenye kiti chake, akainua kichwa.

"Ni kweli," alisema. "Hiyo ya kwanza inakwaruza. Ndiyo inafanana na ile yetu ya nyumbani. Mimi huumwa na kichwa."

Kitonga alimtazama Rodgers. "Kayamba iko wapi?"

"Inacheza sasa hivi."

"Sasa hivi?"

"Imekuwa ikicheza tangu mwanzo wa wimbo, mzee."

Kitonga aliinamisha kichwa upande mmoja, kisha upande wa pili. Alisikia ngoma. Aliona kioo cha laptopu kikionyesha wimbo unakwenda. Nje mwanamke alikuwa akipita na beseni la nyanya, mdomo wake ukifunguka na kufungika, akiita wateja.

Rodgers aliuzima wimbo. Akatafuta kitu kwenye laptopu yake, akasema, "Nataka tufanye kamchezo kadogo. Wote wawili. Mwaitu, na wewe. Hii itapiga kama filimbi, ikipanda juu pole pole. Inua mkono. Ukiacha kusikia, shusha."

Wakainua mikono. Mlio ulianza chini, mnene, ukapanda. Kitonga aliufuata vizuri. Ukapanda zaidi, ukawa mwembamba kama uzi, kisha uzi ukakatika. Akashusha mkono akidhani mchezo umekwisha. Akageuka kumwangalia Kaluki.

Mkono wa Kaluki ulikuwa bado juu. Alikuwa ameangalia mbele, kwenye televisheni zilizofunguliwa, na mkono wake ulikuwa umesimama kama wa mwanafunzi anayejua jibu. Kitonga alingoja. Mkono haukushuka. Rodgers alikuwa akiangalia namba kwenye kioo. Ulipita muda mrefu, au Kitonga aliuona mrefu, ndipo Kaluki akashusha mkono na kuuweka mapajani, na alipomwona mumewe anamtazama akaelewa kwamba mkono wa Kitonga ulikuwa umeshuka zamani.

"Hiki si kipimo cha hospitali," Rodgers alisema kwa sauti ya chini, kisha akakumbuka, akairudia kwa sauti ya juu. "Lakini mzee, nikikuuzia daki leo nitakuwa nimekuibia. Enda upimwe masikio kwanza. Hizi hazitaenda mahali."

Kitonga alishukuru. Akabeba gunia lake la chakula cha vifaranga. Njiani hakusema kitu, na Kaluki hakusema kitu, na hilo halikuwa jambo geni.

Kanini ndiye aliyewatafutia nafasi kwa daktari wa masikio hapo hapo Machakos, wiki iliyofuata. Kitonga aliingizwa kwenye kichumba chenye kuta za sponji, akavishwa visikizi, akapewa kitufe cha kubonyeza. Baadaye daktari, msichana mdogo aliyezungumza akimwangalia usoni, alimwonyesha karatasi yenye mistari miwili. Mistari yote miwili ilianza juu ikaenda sawa kidogo, kisha ikaporomoka.

"Hapa ndipo sauti za chini, ngoma, gari, wanaume," alisema daktari. "Hizo uko nazo. Huku ndipo sauti nyembamba. Ndege, simu ikilia, wanawake, watoto. Na herufi kama s na f na t, zile zinazofanya neno lieleweke. Hizi zimeenda. Ulikuwa unafanya kazi gani?"

Kitonga akamwambia.

"Walikupa vizibo vya masikio?"

"Walitupatia. Vilikuwa vinawasha. Tena ukivaa humsikii msimamizi akikuita. Nilikuwa natoa."

"Zimeenda pole pole, kwa hiyo hukujua. Haziwezi kurudi. Lakini kuna kifaa cha kuvaa, kinasaidia kwa mazungumzo."

Kitonga aliikunja ile karatasi mara nne akaitia mfuko wa shati. Daktari alimuuliza kama ana swali. Alisema hana.

Waliingia hoteli moja karibu na hapo, wakaagiza chai na mandazi. Kaluki alichagua meza ya pembeni. Safari hii hakukaa kando yake kama kawaida. Alizunguka meza akaketi mbele yake.

"Unanisikia?" alisema.

"Sasa nakusikia."

"Kwa sababu unaona mdomo."

"Labda."

Kaluki alikoroga chai ambayo tayari ilikuwa na sukari. Alikoroga muda mrefu.

"Mwaka ule mama alikufa," alisema, "simu ilikuja Ijumaa jioni, wewe ulikuwa umefika kutoka kazini. Nilikuwa kwa jiko napakua. Nilikuuliza, utanipeleka kesho? Utakaa na mimi huko mpaka tuzike? Nilikuwa nimekupa mgongo. Ulikuwa hapo mlangoni, umekaa. Hukujibu."

Kitonga aliliweka andazi chini.

"Nikauliza mara ya pili. Ukainuka ukaenda kulala."

"Sikusikia."

"Sasa najua. Lakini mimi nilienda peke yangu. Nililala siku nne kwa wakina mama, dada zangu wakiwa na mabwana zao, wakiniuliza wako ako wapi. Ukakuja siku ya mazishi, saa nne asubuhi, ukakaa kwa hema na wageni."

"Niliamka Jumamosi nikakuta umeenda," Kitonga alisema. "Kanini ndiye aliniambia kuna kifo. Nilisema, kama hajaniambia, basi hanitaki huko."

"Miaka sita."

"Miaka sita."

Mhudumu alikuja kuuliza kama wanaongeza chai. Kaluki alikataa kwa kichwa.

"Baada ya hapo niliacha kukuuliza vitu," alisema. "Nilisema huyu mtu hataki kuongea, wacha nisimsumbue. Hata wakati ulikuwa unaitika tu ndiyo, ndiyo, na mimi sijauliza kitu cha ndiyo, nilijua ni dharau."

Kitonga aliutafuta uchungu ndani yake. Alijua mahali ulipopaswa kuwa, kama mtu anayepapasa ukuta gizani akijua swichi iko hapa. Aliyaona yote waziwazi: jiko, mgongo wa mkewe, mwiko mkononi mwake, mdomo wake ukisema maneno kuelekea sufuria. Mkono wake haukugusa swichi. Alichosikia ni uzito tu, kama wa gunia lililolowa, na sauti ya lori likipita barabarani, ambayo aliisikia vizuri sana.

"Pole, Mama Kanini," alisema.

Kaluki alimtazama. Alionekana kama anayepima iwapo neno hilo linatosha, na kuona kwamba halitoshi, na kwamba hakuna jingine.

"Kunywa chai," alisema.

Alipomaliza, Kitonga aliyasukuma makombo ya mandazi pamoja kwa kidole. "Ile daki tuachane nayo. Nimpigie Rodgers nimwambie. Spika nitauza."

"Kwa nini?"

"Ni ya nini sasa? Nitatofautisha nini?"

"Wewe ndiwe masikio yako yameharibika," Kaluki alisema. "Yangu ni mazima. Wewe si uliona mkono wangu? Kwa hiyo nyumba, ni nani amekuwa akikimbia nje kwa sababu ya hiyo kelele? Si mimi? Nilikuwa nadhani unafanya makusudi, unaweka juu namna hiyo ndio nitoke."

"Hapana. Nilikuwa natafuta sauti."

"Sasa twende nikachague mimi."

Kwa hiyo walirudi kwa Rodgers siku hiyo hiyo. Kitonga alikaa kwenye kiti cha wageni, Kaluki akakaa kwenye stuli katikati ya spika, mkoba mapajani, macho ameyafumba. Rodgers alimwekea nyimbo tatu. Alihama kutoka daki moja hadi nyingine bila kumwambia ni ipi.

"Hii hapana," Kaluki alisema ya kwanza ilipoingia. Alisema hivyo kila mara ilipoingia, katika nyimbo zote tatu. Kati ya ya pili na ya tatu alisita. Akaomba sehemu moja irudiwe, mahali ambapo mwimbaji kiongozi anaanza ubeti. Rodgers akairudia mara nne.

"Anavuta pumzi kabla hajaanza," Kaluki alisema. "Kwa zote mbili nasikia akivuta. Sioni tofauti."

"Ndivyo hata mimi nasikia," Rodgers alisema. "Ya elfu kumi na nane ni nzuri, sitasema uongo. Lakini kwa hizo spika zenu za baa na hicho chumba, haitawaonyesha kitu hiyo ingine haiwaonyeshi. Mukiongeza pesa hapo, mumeongeza chuma tu."

"Basi hii ya katikati."

Kitonga alilipa. Rodgers aliifunga daki kwenye gazeti, akawapa waya wenye midomo myekundu na myeupe, akawaonyesha mahali pa kuchomeka.

Waliifunga Jumapili baada ya ibada. Kitonga alipiga magoti nyuma ya amplifaya, Kaluki akashika tochi ya simu. Kazi yenyewe ilikuwa ya dakika tano. Kifundo cha sauti nyembamba, ambacho kilikuwa kimekazwa mpaka mwisho tangu mwezi wa tano, Kaluki alikirudisha katikati, kisha akapunguza nguvu mpaka ikamfaa yeye.

"Sasa mimi nitasikia?" Kitonga aliuliza.

"Kaa karibu na spika, mimi nitakaa huku."

Akakaa karibu na spika. Wimbo ulipoanza alisikia ngoma na sauti za chini, pungufu ya alivyozoea. Gunia lilikuwepo. Alijua sasa kwamba litakuwepo, na kujua hivyo kulimpunguzia kazi ya kulipigania. Kaluki alikuwa kwenye kochi, miguu ameikunja chini yake kama alivyokuwa akikaa zamani kabla Kanini hajazaliwa. Hakuimba, hakutikisa kichwa. Alisikiliza tu. Kitonga hakukumbuka lini mara ya mwisho kumwona ameketi humo ndani mchana bila kazi mkononi.

Kifaa cha masikio kilipatikana mwezi wa kumi, kimoja, cha sikio la kulia. Siku ya kwanza Kitonga alisikia mfuko wa plastiki ukikunjwa jikoni, akadhani kuna kitu kinaungua. Alisikia kuku. Alisikia kijiko kikigusa kikombe, akakasirika bila sababu. Kanini alimpigia akaongea naye kwa dakika kumi nzima, na alipokata, Kitonga alitambua kwamba hakuwa amesema ndiyo, ndiyo hata mara moja. Kwa mazungumzo kifaa kilimfaa. Kwa muziki kilifanya kila mwimbaji awe kama bati, hivyo alikivua kila Kaluki alipowasha.

Alingoja kuona kama furaha itakuja sasa. Haikuja kama alivyodhani itakuja. Jioni moja, wakati wa kufunga kuku, Kaluki alisema kitu akiwa amempa mgongo, kisha akanyamaza, akageuka, akatembea hatua tatu mpaka mbele yake na kulirudia lote kutoka mwanzo. Lilikuwa jambo dogo, la waya wa banda uliolegea. Kitonga alilisikia neno kwa neno.

"Nitaukaza kesho," alisema.

"Kesho asubuhi?"

"Kesho asubuhi."

Kaluki akaitikia kwa kichwa, akaenda zake na ndoo.